Binti Yangu Anaamini Amemuua Ndege Wake, Nami Najua Si Yeye

Bi Mwanabaraka, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa bafuni, maana ndiyo mlango pekee wenye komeo katika fleti yetu, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mama mkwe wangu anarudi Unguja na akishaondoka sijui kama nitapata tena ujasiri wa kulisema jambo hili. Naishi Barking, huku ughaibuni, ghorofa ya tatu, mume wangu anaendesha basi na mimi ni mhudumu wa wazee majumbani, ila sasa niko likizo ya uzazi. Binti yangu ana miaka kumi, nitamwita Salha ingawa si jina lake, na mdogo wake ni mvulana ambaye leo ana siku thelathini na nane.

Salha alikaa miaka yote hiyo bila ndugu, nami zamu zangu ndiyo hivyo tena, natoka hajaamka narudi ameshakula, kwa hiyo jirani yetu wa ghorofa ya chini, Parminder, mama wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi na anayefuga kasuku wadogo, alimwonea huruma akampa mmoja, wa kijani, hajazi hata kiganja. Salha akampigia simu bibi yake Unguja amchagulie jina la Kiswahili, na bibi akasema aitwe Ndimu. Ndege yule alikuwa mtu humu ndani. Salha akifungua mlango saa kumi anapokewa kwa kelele, alijifunza hata kulia kama maikrowevu, na mimi daktari aliponiamuru nilale miezi miwili ya mwisho ya mimba, ndiye niliyekuwa nazungumza naye mchana kutwa. Parminder alitupa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, tusipulize manukato karibu naye, tusichome udi wala kitu chochote cha moshi, mapafu ya ndege ni madogo na moshi kidogo tu unamuua. Karatasi niliisoma, nikaitia kwenye droo ya vijiko.

Nilipojifungua mama mkwe akaja kunitazama arobaini yangu, na Bi Mwanabaraka sitamsema vibaya hata kidogo, kanikanda kwa maji ya moto, kanipikia uji wa pilipili manga, hajaniacha nishike hata kijiko. Na kila siku baada ya alasiri ananifukiza, nakaa kwenye kiti pale sebuleni, chetezo cha makaa na udi chini, nimefunikwa kanga, na madirisha yote yamefungwa kwa sababu mzazi hapigwi na upepo. King'ora cha moshi kilipozidi kulia mume wangu akakivika mfuko wa plastiki. Mtoto nilimwondoa, nilimwambia mama mkwe kwamba mkunga amekataza mtoto mchanga kukaa kwenye moshi, naye hakubisha, akakihamishia chumbani kitanda cha mtoto na kufunga mlango. Tundu la Ndimu likabaki sebuleni juu ya rafu.

Sikusema kitu. Ningeanzaje? Mtu mzima ameacha kwake, kasafiri usiku na mchana, ananihudumia mimi, halafu nimwambie asifukize nyumbani kwa mwanawe kwa ajili ya kasuku? Kila siku nilimwona Ndimu anachangamka, nikajiambia huenda Parminder kazidisha.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, kwa kuwa ni kuamkia Ijumaa, moshi ulizidishwa. Salha aliporudi shule alimkuta Ndimu amekaa chini kabisa ya tundu, manyoya yamemsimama, mdomo wazi. Akaenda akafungua dirisha, upana wa vidole vinne, kwa sababu Parminder alimwambia ndege anataka hewa safi. Bibi yake akaja akalifunga akimgombeza kwamba atamwingizia mzazi upepo, Salha akalifungua tena, likafungwa tena, na mimi niko kwenye kiti chini ya kanga nasikia yote. Kabla ya isha Ndimu alikuwa amekufa. Mama mkwe akasema, kwa huruma kabisa, maskini, ni lile dirisha, baridi imemwingia. Salha hakumtazama bibi yake, alinitazama mimi.

"Mama, ni dirisha?"

"Labda, mwanangu," nikamwambia. "Baridi ya huku kali."

Sikupanga kusema vile, Bi Mwanabaraka, lilitoka tu, na likishatoka halirudi.

Kesho yake Parminder akapanda kumwona mtoto. Akanusa hewa, akalitazama tundu, akanivuta jikoni. "Ni moshi imemuua," akasema. "Mimi nilikuandikia." Nikamsihi asimwambie Salha wala mama mkwe. Hakukubali wala hakukataa, akateremka zake, na tangu siku ile tukikutana kwenye ngazi ananiitikia kwa kichwa tu.

Sasa Salha hagusi dirisha lolote, la chumbani kwake amelibandika kwa utepe wa gundi pande zote, na zaidi ya hayo hamshiki mdogo wake, yeye ambaye wiki za mwanzo tulikuwa tunamnyang'anya. Juzi bibi yake alimnyooshea mtoto ampakate. Salha mara nyingi anatujibu kwa Kiingereza hata ukimsemesha Kiswahili, lakini safari hii alisema kwa Kiswahili ili bibi asikie vizuri: "Sitaki. Mimi nitamuua."

Mama mkwe alishtuka, akasema mtoto huyu ameingiwa na jicho, akawasha chetezo akamfunika kanga na kumfukiza yeye. Salha alikaa pale anakohoa na hakulalamika. Mimi nilisimama mlangoni na mtoto begani, natazama.

Mume wangu anasema ni ndege tu, Jumapili atamnunulia mwingine, na tusimuudhi mama siku mbili kabla ya safari, akaenda kusimulia Unguja kwamba tumemwita muuaji. Niambie basi, niseme nimvunje moyo mwanamke aliyenitunza kama mwanawe, au ninyamaze mpaka aondoke, Salha naye asahau kidogo kidogo? Si watoto husahau? Nimechanganyikiwa, sina wa kumweleza.

Mzazi, Barking

* * *

Marahaba.

Barua yako imenifika leo Alhamisi saa sita, nakujibu kwa barua pepe kabla ya alasiri, na wasomaji wengine watalisoma jibu hili gazetini Jumapili, mambo yakiwa yamekwisha kuwa.

Hongera ya mtoto, na pole. Siku thelathini na nane bila usingizi, umekalishwa kwenye kiti kimoja, hata bafuni huendi isipokuwa kwa kujificha, hayo nayajua na nakuonea huruma kweli. Huruma yangu imeishia hapo.

Barua yako ndefu inamlinda mama mkwe, na mama mkwe hana kosa. Yeye hakujua. Kwake Unguja nyumba ina ua na madirisha hayafungwi kufuli, moshi unaingia na kutoka. Mimi mwenyewe nachoma udi na sitaacha. Yule mama hajapata kuiona karatasi ya Parminder, maana wewe uliifukia chini ya vijiko. Kwa hiyo acha kuniambia habari za kumvunja moyo mama mkwe. Unachokiogopa ni yeye ajue kwamba wewe ulijua.

Unasema hungeweza kumwambia. Mbona uliweza? Mwanao wa kiume ulimtoa kwenye moshi kwa sentensi moja, ukamsingizia mkunga au ukamnukuu, sijui, na mkweo hakubisha, alibeba kitanda mwenyewe. Ungeongeza maneno machache tu, na hili tundu pia mama, ndege hawezi moshi, angelibeba vilevile. Ndiye aliyempa jina! Basi mdomo ulikuwa nao. Ulipima ukaona huyu anastahili nikosane na mtu kwa ajili yake na huyu hastahili, na ukakalia kiti chako.

Nawaambia na wengine wanaosoma, maana barua za namna hii napata nyingi, za paka na sungura na samaki. Tunawaletea watoto wanyama wawape kampani wakati sisi tuko kazini. Mnyama anaifanya kazi hiyo kila siku bila kukosa zamu, anampokea mtoto saa kumi wakati mama yuko mtaa mwingine anamvisha soksi mzee wa watu. Halafu siku anayohitaji kulindwa tunakumbuka kwamba ni mnyama tu. Aliyefungiwa kwenye tundu hana miguu ya kukimbilia nje, bibie. Hewa yake ni ile unayomchagulia wewe.

Sasa soma tena ulichoniandikia. Siku ile kulikuwa na watu wazima wawili sebuleni na mtoto mmoja aliyetoka shule. Nani alifungua dirisha? Mtoto. Akagombezwa, akalifungua tena. Alikuwa anamwokoa ndege wake, na alikuwa sahihi, na laiti angeachiwa pengine Ndimu angekuwa hai. Kisha akakuuliza wewe, kwa sababu anakuamini, nawe ukamwambia dirisha ndilo lililoua. Jambo moja jema lililotendeka nyumbani mwako siku ile, umemgeuzia aliyelitenda likawa kosa lake. Na juzi ukasimama mlangoni ukatazama anafukizwa moshi uleule. Nimekasirika, na sioni kwa nini nikufiche.

Watoto hawasahau. Ninazo hapa barua za watu wazima wenye mvi wanaoniandikia juu ya sentensi moja waliyoambiwa jikoni wakiwa na miaka kumi.

Fanya hivi, na uanze leo. Kabla hujafanya lolote ondoa mfuko kwenye king'ora cha moshi. Mnawasha makaa ndani ya nyumba iliyozibwa yenye mtoto mchanga, na hewa ya makaa inaua watu wazima wamelala, haiishii kwa ndege. Mkweo akitaka kukufukiza hizi siku mbili zilizobaki, dirisha liwe wazi na wewe ujifunike blanketi.

Salha akirudi shule ingia naye chumbani, mtoto mwachie baba yake au bibi yake. Zungumza kwa Kiingereza. Kiswahili unasema anakielewa, lakini hili sitaki alielewe nusunusu. Mwambie moshi ndio uliomuua Ndimu. Mwambie kwamba karatasi ya Parminder uliisoma, kwamba ulijua na hukusema, kwamba kufungua dirisha lilikuwa jambo sahihi, na kwamba alipokuuliza ulimdanganya. Usitumie neno labda. Usianze na bibi, anza na wewe. Na tafadhali usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze, amekwisha kubeba ya kutosha. Mpe ile karatasi aisome mwenyewe, akae nayo akitaka.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa, mwambie mama mkwe, mbele ya Salha, na mume wako awepo, asijitie hamnazo. Mama, karatasi hii nilikuwa nayo, sikukwambia, kosa ni langu. Hayo tu. Atalia, mwache alie. Afadhali alie akiwa hapo anaweza kumshika mjukuu wake mkono kuliko kusikia miaka mitano ijayo kwa simu. Na umwombe jambo moja, amwambie Salha kwa ulimi wake kwamba yeye ndiye aliyelifunga dirisha na kwamba hakujua. Mwanamke aliyekukanda siku thelathini na nane hatashindwa kumwambia mtoto neno hilo. Wewe ndiye uliyemdhania udogo.

Kisha teremka ngazi ukamwombe radhi Parminder. Umemfanya mama wa watu akufichie uongo juu ya kiumbe alichokilea kutoka kwenye yai.

Mume wako asinunue ndege Jumapili. Huyu hakuwa balbu iliyoungua. Siku Salha atakapoomba mwenyewe, na Parminder akaona nyumba yenu inafaa, hapo mtazungumza, na huenda siku hiyo isifike. Wala msimsukumie mtoto apakate mdogo wake ili nyinyi mpate nafuu. Mwekeni karibu, atamshika akipenda.

Najua utakaloniuliza. Ndiyo, atakukasirikia. Anaweza asikusemeshe wiki, anaweza asikuamini tena ukimwambia hata habari za hali ya hewa, na sina dawa ya hilo wala usinitumie barua nyingine kuitafuta. Kwa wiki mbili mwanao amekuwa akijichukia yeye mwenyewe. Mwache akuchukie wewe.