Ufunguo wa Mfalme Mzee

Jumanne, 11 Aprili 1978
Nimefuta ukurasa wa nne tena. Daraja limekatika, sawa. Mamba, sawa. Ila msafiri atapitaje lango la mfalme mzee? Mchezo huu niliachiwa kwenye daftari na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya. Mmoja anatunga safari, wengine wanakuwa wasafiri na kuamua la kufanya, bahati inasema kama wamefaulu. Yangu lazima iishe alasiri moja. Jumatatu mdogo wangu Nyakundi anarudi Mombasa.

Jumatano, 12 Aprili
Mdogo wangu na Baba hawasemezani. Mwaka wa pili huu, tangu Nyakundi aache shamba la chai akatafute kazi bandarini. Esaiga yake, nyumba aliyojengewa alipotoka jandoni, Baba aliitia kufuli. Analala kwangu. Wakila, chumvi inapita mikononi mwangu. Nimechoka.

Baba amekubali kuwa mfalme. Dadu za kurusha amezikataa, eti kamari. Basi nimepaka punje tatu za mahindi masizi upande mmoja. Tutazirusha kwenye ungo.

Ijumaa, 14 Aprili
Nimepata! Ufunguo wa lango uko chini ya kitanda cha mfalme. Msafiri aingie auchukue. Najisifu. Jua linashuka, Sabato inaingia, naweka kalamu.

Jumapili, 16 Aprili
Mjinga mimi. Mwalimu mzima.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mama alimhonga mamba ndizi mbivu, hata Baba akacheka. Nyakundi akavuka mto. Ikafika zamu ya chumba cha mfalme, naye akaziweka punje chini. "Chumba cha Tata siingii," akasema, yaani cha Baba. Nikamwambia ni mchezo tu. Akatikisa kichwa. Ana haki. Mwanamume aliyetahiriwa hakanyagi chumba cha kulala cha baba yake, na mimi mwenyewe sijakikanyaga tangu utotoni. Nilifuata daftari la mgeni, nikasahau kwetu. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Siku moja niliyokuwa nayo, nimeiharibu.

Kisha Baba akasema, kwa sauti ya mfalme: "Msafiri asiingie. Angoje mlangoni. Nitamtolea mwenyewe."

Hilo sikuwa nimeliandika. Lango likafunguka, Mama akaenda kupika chai.

Jumatatu, 17 Aprili
Nyakundi ameondoka asubuhi. Mvua.

Jioni nimepita karibu na esaiga. Kufuli halipo. Baba alikuwa ndani, anafagia. Ameniuliza kama bandarini hupewa likizo Desemba. Nimesema sijui, nitamwandikia.