Bahasha ya Serikali

Tura, 9 Machi 1975

Zamda,

Huna adabu na kazi uliyosomea! Salamu utazipata nikishapoa. Sisi wazima, goti langu tu linasumbua, na Kashindye uliyemvunjia nyumba.

Nimejifunza kuandika uzeeni ili mambo ya wanawake yasipite mikononi mwa wanaume. Nikakuandikia kwamba Kashindye, mke wa Masele, anakojoa damu na tumbo la chini linamuuma, na zahanati iko mbali tangu tuhamishiwe kijijini hapa. Wewe muuguzi mzima ukanijibu ndani ya bahasha ya serikali! Hujui kwamba bahasha ya serikali Katibu wa kijiji huifungua mbele ya watu? Za chanjo, za mbolea, zote husomwa hivyo. Tumeshika majembe shambani kwa kijiji, akasoma: "Kashindye ana kisonono, atibiwe pamoja na mumewe."

Masele alicheka kwanza. Kisha akamwambia mkewe, "Mama Bundala, usipitie nyumbani." Watoto kabaki nao.

Nijibu. Bahasha ukanunue dukani.

Bibi yako,
Sikuzani

Tabora, 16 Machi 1975

Bibi yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu.

Bahasha zangu ziliisha, nikachukua ya ofisini. Sikufikiri. Lakini kuna kubwa zaidi, bibi. Nimeisoma upya barua yako ya kwanza. Uliandika kwamba Kashindye anashinda kwenye majaruba ya mpunga. Mtu anayeshinda ndani ya maji akikojoa damu, cha kwanza kufikiriwa ni kichocho. Wodi ilikuwa imejaa, nilitaka kukujibu haraka, nikaandika kisonono kama niliyempima. Mwambie Masele huenda nimekosea. Vidonge vya kichocho nimempa gadi wa treni, mpe Kashindye ameze.

Mjukuu wako,
Zamda

Tura, 3 Aprili 1975

Zamda,

Marahaba. Goti langu liache.

Vidonge vyako vimerudi kwa gadi yule yule. Umekosea kwa kutomwona mgonjwa, na dawa pia unataka kumpa bila kumwona?

Masele nilimwambia. Akanijibu, "Bibi, ya kwanza imesomwa mbele ya kijiji kizima, hii ya pili unaninong'oneza?" Jumamosi kaoa. Wanawe wameshafundishwa kumwita yule mgeni mama.

Kashindye yuko Kigwa kwa baba yake, bado anakojoa damu. Nilimfuata, hakunipa hata kigoda. Akasema, "Nilikueleza wewe, bibi. Sikumweleza mjukuu wako." Ni kweli, sikumwomba ruhusa. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Sasa sikiliza. Usiandike tena. Omba ruhusa kazini, panda treni, shuka Kigwa. Piga hodi, mwombe radhi kabla hujamgusa. Akikufukuza, kaa nje mpaka akuite. Akikubali, nenda naye Tabora akapimwe, na majibu umpe yeye, sikioni mwake, si mimi. Halafu njoo Tura usimame mkutanoni, Masele akiwepo, useme: "Niliandika ugonjwa ambao sikuupima." Sema hilo, ukae. Wakikuuliza Kashindye anaumwa nini, funga mdomo.

Bibi yako,
Sikuzani