Mashine Imekataa Kurudisha Miaka Yangu

Majengo, Nyeri

Kwa mke wangu Mama Wanjiru, huko Doldol.

Nakusalimia wewe kwanza, halafu mama yako, halafu mbuzi. Magoti yako inasemaje siku hizi? Mvua imewakumbuka ama bado ni vumbi tu? Mimi mwili hauna shida. Gunia ya kahawa bado nabeba peke yangu na vijana wanabaki kuniangalia. Wewe Mwalimu unayemsomea, soma vile nimeandika, usininyooshee Kiswahili. Mimi na huyu mama tulioana kwa hii hii, Kimasai yangu ikiwa mbaya na Kikuyu yake ikiwa hakuna, na haijatuangusha.

Mama Wanjiru, ile picha yangu kubwa nilikutumia, ile nimeweka mkono juu ya kompyuta, uliniambia ati watu wanatoka mbali kuja kuiona. Ni haki yao. Lakini kuna habari iko nyuma ya hiyo picha, na nimekaa nayo mpaka imenichosha. Mwalimu, hapa punguza sauti.

Unajua mimi ndiye mlinzi wa lango la stoo ya kahawa. Hakuna lori ilipita bila mimi kusema pita. Sasa wakubwa wetu waliletewa kompyuta. Kompyuta yenyewe ni sanduku tu, kama redio haina muziki. Akili yake ndiyo inatengenezwa na kampuni ingine ya Nairobi, wanaiita programu. Siku ya kuifungua hao watu wa programu walikuja na soda na mandazi, wakabandika karatasi kubwa ukutani: MTU KWANZA. MASHINE INAMSIKILIZA. Mkubwa wao, kijana wa tai nyekundu, akapanda juu ya kreti akasema hakuna mtu atatupwa, mashine ni mtumishi, sisi ndio wenyewe. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kushinda wote, ndio maana wakanichagua kwa picha. Ama ni kwa sababu ya uso wangu, sijui.

Halafu msichana wao akaanza kuuliza kila mtu miaka yake, aipatie mashine. Sasa sikiza. Pale stoo, chai ya saa nne inamwagwa kwa ukubwa. Aliye mzee ndiye anashika kikombe ya kwanza na kukalia ile kiti ya karibu na jiko, na hakuna mtu anaongea mbele yake. Hiyo kiti nimebishania na Gathogo, yule mfagiaji, tangu aandikwe kazi. Yeye husema alitahiriwa kabla yangu. Uongo! Kwa hivyo msichana aliponifikia, na watu wote wako hapo, nikasema kwa nguvu, "Andika sitini na tatu!"

Watu wakasema "Eeeh!" Msichana akamgeukia Gathogo. "Na wewe, mzee?"

"Mimi? Andika arobaini na nane."

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe wewe ni mtoto! Leo umekubali!"

"Ndio, baba," akasema huyo nyoka, akiinama kama bibi harusi. "Wewe ni baba yangu. Keti."

Nikaketi. Hiyo chai ilikuwa tamu, siwezi kukuficha.

Mwezi haukuisha, mkubwa wa stoo akaniita. Ati mashine imetoa jina yangu. Mtu akipita hamsini na tano inamtoa yenyewe, na mimi ilinikuta nimepita zamani. Mama Wanjiru, wewe unajua nilizaliwa mwaka ule nzige ilikula mpaka nyasi ya paa. Hamsini na tano yenyewe sijafika! Nikamwambia hivyo. Akasema, "Mzee, mimi siwezi kubishana na kompyuta. Nenda kwa wenye programu."

Nikavaa koti yangu ya harusi, nikaenda ofisi yao, iko juu ya duka ya viatu. Nikamkuta yule msichana. Hata alifurahi, akaniita guka, yaani babu.

"Guka! Umekuja kuona picha yako?"

Kweli ilikuwa hapo, kubwa kama mlango, mimi nacheka, na chini yangu: MTU KWANZA. MASHINE INAMSIKILIZA.

"Nimekuja inisikilize," nikasema. "Ile miaka nilitaja ilikuwa ya chai. Nirudishie yangu."

Akafinya vidude vya mashine, akangoja, akafinya tena. Niliona roho inamuuma. "Guka, imekataa. Mtu akiongeza miaka inakubali. Akipunguza inakataa. Ni ya kuzuia wadanganyifu."

"Lakini mimi nilidanganya kwa kuongeza!"

"Hiyo hawakufikiria."

"Basi ita huyo aliyeitengeneza, nimweleze."

"Hao hawaongeangi na watu, guka. Wanaongea na mashine."

"Na hii maneno ya ukuta?"

Akaangalia chini. "Hiyo ni ya matangazo."

Hapo kijana wa tai nyekundu akatoka ndani, akanishika mikono yote miwili. "Mzee wetu! Bila wewe sisi si kitu!" Nikamwambia nimefutwa na mashine yake. Akasema pole sana, atapeleka maneno yangu mbele. Akanipa soda na kalenda. Kufungua, ni mimi, Januari mpaka Disemba.

Unanijua, mimi si mtu wa kuachilia. Nilienda mpaka Sagana kumtafuta mzee tuliyetahiriwa naye, nikamleta, akaapa mbele ya msichana ya kwamba sisi ni rika moja na sitini bado, mpaka mzee wa watu akalia. Msichana akatafuta kwa mashine pahali pa kuweka kiapo. Hakuna. Siku hizi akiniona anaingia chumba ya nyuma.

Juzi nikapita langoni. Kijana mpya akaniambia simama. Mimi! Gathogo akaniona, akaniletea chai nje. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Baba," akasema, "ile kiti inaniunguza."

Nikakunywa nikiwa nimesimama. Ilikuwa imepoa.

Kazi hairudi, Mama Wanjiru. Nimegonga kila mlango, na kila mlango uko na hiyo karatasi yao. Nitakuja nyumbani, lakini si sasa. Nitakuja mvua ikinyesha, watu wakiwa wamejifungia ndani, wasinione nikishuka na sanduku.

Mwalimu, sasa rudisha sauti. Nisalimie mama mkwe, mwambie tumbako yake naileta. Nisalimie shemeji Lekishon anayenichungia mbuzi. Ile nyeupe asiuze. Nisalimie binti yetu Wanjiru na huyo mume wake mnyamavu, na mtoto wao aliyepewa jina yangu, afundishwe kuhesabu miaka yake vizuri.

Na ile picha usiitoe ukutani. Wakikuuliza mzee wako yuko wapi, waonyeshe. Hiyo bado iko kazini.

Ni mimi mume wako,
Baba Wanjiru,
mlinzi wa lango.