Shikamoo ya Yule Askari

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki. Leo siandiki habari za mahindi kama siku zote. Nimechoka, jamani.

Nimetoka Kisanga kwenye posa ya binti wa jirani. Mzee mmoja, mvi kichwa kizima, alimwamkia kijana wa miaka thelathini hivi: "Shikamoo, mjomba." Kijana akaitikia marahaba bila hata haya. Nikacheka. Jirani akanishangaa: "Kiukoo ni mjomba wake. Sisi huku mjomba unamwamkia hata akiwa mchanga. Miaka yote hii hulijui hilo?"

Sikulijua.

Miaka ile mashamba ya miwa yalipokuwa yanauzwa kwa mwekezaji, sisi wakata miwa tulikuwa na kikundi cha siri Ruhembe. Tuliapa bora tuichome miwa kuliko kufukuzwa kama mbwa. Lakini kila tukipanga, polisi wanatuwahi. Wenzetu wawili wakakamatwa, tukaanza kumtafuta shushushu.

Basi siku moja, stendi ya Mikumi, nikamwona mwenzetu Petro anaamkiwa na askari mwenye sare, tena aliyemzidi umri waziwazi. Mimi mtu wa kuja kutoka Kanda ya Ziwa, kwa akili zangu mkubwa haamkii mdogo ila awe bosi wake. Nikarudi mbio: shushushu ni Petro, na ana cheo! Kikundi kizima tulikuwa watu wa kuja. Mwenyeji alikuwa yeye peke yake.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Wenzangu walimwita katikati ya miwa kama wanamwita kazini, wakamuua. Mimi sikushika panga. Nilisimama njiani kuangalia kama mtu anakuja, na nimejidanganya miaka yote kwamba hiyo ni tofauti. Polisi waliendelea kutuwahi vilevile, nasi tukanyamaza.

Leo nikajikaza nikamuuliza jirani habari za yule askari aliyekuwa akimwamkia Petro. "Si mpwa wake Petro yule? Msibani alilia mpaka ikabidi watu wamshikilie."

Nimekiua kitu kisicho na kosa. Mtu, siyo kitu. Mungu wangu.

Mjane wake yupo palepale Ruhembe. Wanawe wamekua wakiitwa watoto wa shushushu. Kila Jumapili kanisani mama yule ananiuliza hali ya mgongo wangu, nami namjibu nashukuru.

Naandika hapa ili kesho nisijifanye nimesahau. Nitakwenda kwake kabla ya ibada, nimwambie mbele ya wanawe. Wakiita polisi, sikimbii.

Mke wangu nimemwambia kesho asiniwekee chakula cha mchana. Ameuliza naenda wapi, nimerudi kuandika.