Mwewe wa Mkia Mwekundu

Jumatatu, 6 Machi 1978
Nimekama. Maziwa kidogo, mvua bado. Nilikuwa nafunga zizi, ndege mkubwa akashuka akambeba mtoto wa mbuzi wangu wa kijivu. Niliona tumbo jeupe tu. Ni wa ukoo wa mbuzi ambaye mwanangu Talaso alipewa siku kitovu chake kilipoanguka. Talaso alikufa kwa surua, mbuzi wake wakabaki. Huyu alikuwa wa mwisho, na mama yake amezeeka. Nitamwua huyo ndege. Wallahi.

Jumatano, 8 Machi
Nimempata. Yuko kwenye mwamba nyuma ya boma. Tumbo jeupe, mgongo mweusi, mkia mwekundu. Amestarehe kama mwenye mji. Nimemtukana mpaka koo likakauka.

Ijumaa, 10 Machi
Jirani yangu Mzee Guyo kaniuliza, "Mama Talaso, yule alibeba mbuzi alikuwa na madoa kwa tumbo? Miguu iko na manyoya mpaka vidole?" Eti wa mkia mwekundu hula panya na nyoka, mwizi ni tai wa madoa. Mimi ninayejua kila mbuzi wa Kulamawe kwa rangi yake, nifundishwe rangi na mzee mwenye mtoto wa jicho! Nimesuka kitanzi.

Jumamosi, 11 Machi
Amenasa. Rungu mara tatu, ya kwanza ilitosha. Nimefurahi, sitadanganya. Nikampasua. Panya wawili na kipande cha nyoka. Miguu mitupu, ya manjano. Nimemtupa mbali.

Jumanne, 14 Machi
Tai amechukua mtoto wa mbuzi kwa Mzee Guyo, mchana kweupe. Safari hii nilitazama. Madoa tumboni. Manyoya mpaka vidole. Mzee alifunga zizi lake, akanikaribisha chai. Heri angenitukana. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nisiye na mtoto nimempata.

Alhamisi, 16 Machi
Mkia mwekundu mwingine. Mwenzake. Amenishukia njiani kwenda kisimani, kucha kwenye kitambaa changu chekundu cha kichwa. Tulikuwa wanawake wanne. Wengine hakuwagusa. Ndicho nilichovaa siku ya rungu.

Jumapili, 19 Machi
Ameshuka tena jana na juzi. Kabale, mke wa Mzee Guyo, kaniambia nivae cha kijani, hiki chekundu nimpe yeye. Nimemnyima. Kaona mimi ni mchoyo.

Asubuhi nimekifunga mwenyewe, vizuri, kionekane. Asije akakosea mtu, kama mimi nilivyokosea ndege. Nikachukua mtungi nikaenda kisimani.