Matroni Amekataa Ruhusa

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa, na Mama ameongezeka kilo mbili.

Ulisema kwenye simu anasikika mzima kuliko mimi. Kwa dakika tano anajikaza, ndiyo. Ukikata tu, anarudi bwenini. Siku hizi anadhani bado ni matroni wa shule, na mimi ni mwanafunzi wake mtoro. Nikigusa kitasa cha mlango, ananirukia na kunikwaruza. Daktari wa zahanati amekataa kumpa dawa za usingizi, anaogopa ataanguka. "Usibishane naye," akaniambia. "Mfuate hukohuko aliko." Nesi naye akanialika kwenye kikao cha wanaouguza wazazi, kila Alhamisi saa tisa alasiri. Jirani akakubali kukaa na Mama.

Basi Alhamisi nikamfuata hukohuko. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikasema, "Matroni, naomba ruhusa ya kutoka."

Kaka, hakunikwaruza! Alivaa miwani, akanitazama kwa upole niliokuwa nimeshausahau.

"Una adabu wewe," akasema. "Lakini sheria ni sheria. Hutoki mpaka mtu wa kwenu aje akuchukue."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilirudi kuosha vyombo.

Najua kazi zimekubana. Lakini mtu wa kwetu ni wewe tu.

Mdogo wako,
bado bwenini