Zamu ya Nduwa

Mabogini, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Efraimu,

Watoto na ng'ombe hawajambo? Huku ni wazima, mpunga umeshika. Simu zangu hupokei, basi pokea karatasi.

Nina mbwa, Bosco, wa tisa niliyemwokota. Gari lilimgonga nyonga pale Bomang'ombe, miguu ya nyuma anaiburuta. Daktari wa mifugo anasema aogelee kila siku: maji yatambeba, misuli irudi. Majaruba yangu yanafika magotini tu, tena yana dawa. Nduwa ya baba, pale maji ya mfongo, mfereji wa kijiji, yanapokusanywa, inafika kifuani. Kihamba chote, shamba la ukoo, ulipewa wewe, sikufungua mdomo. Sasa naomba maji, na hata hayo yatabaki kwenye migomba yako.

Namleta Jumamosi, ukae naye. Mpitishie kanga tumboni umshikilie, dakika tatu za kuanzia. Umkaushe masikio.

Dada yako,
Eliaichi

Machame, 17 Machi 2024

Shikamoo dada,

Hatujambo, tunasubiri mvua. Watu wa mfongo walinicheka, "Efraimu anabatiza mbwa." Sasa wanakuja kutazama. Kanga nimeshaiacha. Anapiga maji kwa miguu yote minne, na akishaona blanketi la kumkaushia anajiburuta hadi kwenye jiwe la ukingoni, anajitupa bila kunisubiri. Mke wangu anasema kwa ng'ombe sijawahi kuamka mapema hivi.

Njoo Jumamosi. Safari hii ule ndipo uondoke.

Mdogo wako,
Efraimu

Mabogini, 26 Machi 2024

Efraimu,

Wasalimie watoto, hawana kosa.

Naandika ilivyokuwa, usije ukaisimulia vingine. Jumamosi nyumbani hapakuwa na mtu, Bosco amefungwa kamba bandani, analia. Nikamfungua. Akasimama, akakimbia. Alikimbia, Efraimu, kwa miguu minne, hadi kwenye jiwe lake, akageuka kuona kama namtazama. Nikampigia makofi. Akaruka.

Nduwa ilikuwa tupu. Mawe na tope. Amekufa mapajani mwangu kabla hamjarudi kutoka mazishini.

Zamu yako ya maji uliwaachia wafiwa wa kwa Aikaeli, nduwa ikafunguliwa wapate maji ya msibani. Ndiyo desturi, siipingi. Wanaume wote wa mfongo ule walijua tangu Ijumaa. Mimi nilipiga makofi.

Eliaichi

Machame, 2 Aprili 2024

Shikamoo dada,

Nashindwa hata kukuuliza hali.

Nilimfunga kwa sababu ya nduwa. Ijumaa ile nilipita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, hadi kwa Sylvanus ambaye hatusemeshani naye. Wewe hukunijia akilini. Zamu ya maji huambiwa mwenye kihamba. Binti aliyeondoka haambiwi. Ndivyo baba alivyofanya, nami nikafanya bila kufikiri, simu iko mfukoni.

Bosco tulimzika kihambani, karibu na wazazi. Wazee wamenuna. Wanune.

Njoo, dada, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Efraimu

Machame, 9 Juni 2024

Shikamoo dada,

Natumaini u mzima. Hii ni barua ya sita, hujajibu, nami sikulaumu.

Wiki hii zamu yetu ni Jumanne. Nduwa itafunguliwa alfajiri, itajaa tena Jumatano jioni. Wengine nitawaambia kesho. Nimeanza na wewe.

Mdogo wako,
Efraimu